Upawa wa Mpimaji

Wapendwa, leo nimesimama hapa na moyo usiotulia, na sitawaficha. Tangu Jumanne nakaa, nainuka. Mama mchungaji ameniuliza mara tatu kama nina homa. Sina homa. Nina mfano, na umenikaa kooni, kwa hiyo nivumilieni niutoe.

Palikuwa na mpimaji wa maziwa. Jina lake nitalihifadhi, maana nawajua nyinyi, nikilitaja mtaanza kuulizana ni wa ukoo gani na ameoa wapi. Kijiji chake kilikuwa juu milimani, kule ambako asubuhi ukifungua mdomo unatoka mvuke, na kila nyumba ina ng'ombe mmoja au wawili. Wafugaji walikuwa na chama chao na kituo chao cha kukusanyia maziwa. Saa kumi na mbili asubuhi wanapanga foleni na ndoo. Mpimaji anapima, akiyakubali yanamiminwa kwenye tangi moja, la kijiji kizima, na saa nne lori la kiwanda linapanda kuyachukua.

Mpimaji huyu alikuwa mtu safi. Hapo nisikilizeni vizuri, nimesema safi. Koti jeupe, kucha fupi, viatu vya mpira vimeoshwa mpaka soli. Na alikuwa na upawa wake wa chuma, wenye mpini mrefu wa bomba, aliourithi kwa mpimaji aliyemtangulia. Kila ndoo ikifika anauzamisha mpaka chini, anakoroga mara tatu, anachota, ananusa, kisha anadondoshea matone kwenye kichupa cha spiriti. Yakiganda, rudi nayo nyumbani. Yasipoganda, mimina. Watu walimwogopa kuliko mwenyekiti wa chama. Akiinamisha pua tu, foleni nzima inabana pumzi.

Siku moja lori likarudi na mzigo ule ule. Dereva akasema kiwanda kimeyakataa, yamechacha njiani. Mpimaji akashangaa, kwa sababu aliyapima ndoo kwa ndoo na yalikuwa mazima. Kesho yake tena yakarudi. Wiki hiyo mara tatu.

Basi mpimaji akakosa raha. Chakula hakishuki, mkewe akimsemesha anajibu mambo mengine. Akaanza kuwatazama watu wa foleni usoni mmoja mmoja. Ni nani kati ya hawa anayeniharibia tangi langu? Akaongeza ukali. Alizoea kukoroga mara tatu, sasa akakoroga mara sita. Alizoea kuchovya mara moja, sasa kila ndoo anaichovya mara mbili. Na maziwa, ndugu zangu, yakazidi kuchacha.

Jicho lake likatua kwa mama mmoja mjane. Mama huyu hakuwa na ndoo ya chuma kama wengine. Maziwa aliyaleta kwenye kibuyu, kama alivyofanya mama yake na bibi yake. Kila jioni alikiosha kibuyu kile, halafu akaingiza ndani kijinga cha moto cha mzeituni mwitu, akasugua kwa makaa mpaka harufu ya maziwa ya jana ikaisha kabisa. Ndiyo maana maziwa yake yalinukia moshi kidogo. Alikuwa na wajukuu watatu na ng'ombe mmoja anayeitwa Mashavu, na tangu mume wake alipofariki, Mashavu ndiye aliyekuwa baba wa nyumba ile.

"Mama, haya rudi nayo," mpimaji akamwambia, upawa ukiwa bado unadondoka.

"Yameganda, baba?"

"Hayajaganda. Lakini kibuyu hiki sikiamini. Ndani giza tupu, sioni chini."

"Basi nipimie tena."

"Nimeshapima mara mbili, mama. Usinicheleweshee watu."

Je, kuna mtu kwenye foleni aliyemtetea? Hakuna. Wengine walimshukuru Mungu kimoyomoyo kwamba jicho limetua kwa jirani. Shukrani hiyo tunaijua, au siyo? Mbona mnaangalia chini?

Mama akaondoka na kibuyu chake. Lakini siku ile lori likarudi vile vile. Mpimaji akamkataa mwingine, mzee mwenye ng'ombe wawili, kwa sababu zizi lake lina matope. Likarudi. Akamkataa kijana aliyehamia mwaka jana, kwa sababu hajulikani vizuri. Likarudi. Wakafika watu saba waliokataliwa, na maziwa yanachacha. Hapo kiwanda kikatuma neno la mwisho: tangi likirudi mara moja zaidi, lori halipandi tena huko milimani. Na kijiji kile hakikuwa na kitu kingine. Hakuna kahawa, hakuna chai, ni hayo maziwa. Lori lisipopanda, watoto hawaendi shule na wagonjwa hawapati dawa.

Sasa turudi kwa yule mama. Yale maziwa aliyokataliwa hakuyamwaga. Aliyaweka jikoni kwenye sufuria, kando ya yale machache aliyowabakishia wajukuu kwa ajili ya chai. Ilipofika saa nane mchana akafunua. Yaliyotoka kituoni yamechacha. Yaliyobaki nyumbani mazima. Mama huyu hakusoma sana, lakini macho alikuwa nayo. Kesho yake akaenda tena, akakataliwa tena baada ya kibuyu kuchovywa, akafunua sufuria tena. Siku tatu mfululizo, mambo ni yale yale.

Siku ya nne, na ndiyo siku ile ya mwisho waliyopewa na kiwanda, mama akaja akasimama katikati ya foleni na kibuyu chake. Kwapani ana mabakuli mawili meupe. Zamu yake ikafika. Mpimaji hata shikamoo hakumpa.

"Mama, si nilikukataza?"

"Leo sina maziwa, baba. Nimeleta maji. Nimeyachemsha jana, yakapoa humu humu kwenye kibuyu. Nipimie."

Foleni ikacheka. "Maji yanapimwa?" mpimaji akauliza.

"Nipimie tu, kama unavyonipimia siku zote."

Mama akamimina kwanza maji kidogo kwenye bakuli la kwanza. Yakatulia pale, maangavu, unaona mpaka ua lililochorwa chini ya bakuli. Halafu akamsogezea kibuyu. Mpimaji akazamisha upawa kwa hasira, akakoroga mara sita, akauchomoa. Mama akamimina kwenye bakuli la pili.

Ndugu zangu, yale maji yalitoka meupe kama yaliyooshewa mchele. Ndani yake vinaelea vinyuzi vya mtindi. Na harufu ikapanda, watu wa mbele wakaziba pua. Kicheko kikafa.

Mama akasema taratibu, "Ng'ombe ni mmoja, baba. Kibuyu ni kimoja. Yanayobaki nyumbani yanakaa mazima, yanayokuja kwako yanachacha. Sasa maji ni haya, uliyaona. Kilichoyagusa ni hicho ulichoshika."

"Mama! Hiki ndicho kipimo!"

"Ndiyo, baba. Na chenyewe kinapimwa na nani?"

Mpimaji akautazama upawa wake. Unang'aa. Kila jioni aliusugua kwa majivu, nje na ndani ya kikombe chake, hakuna aliyeweza kumlaumu. Akaugeuza kichwa chini, akaugonga kwenye ukingo wa sakafu. Pale mpini unapoungana na kikombe palikuwa na ufa mwembamba, na mpini, nimewaambia, ulikuwa bomba, uwazi mtupu. Akagonga tena. Likaanguka donge la kijani kati ya viatu vyake, mbele ya macho yake peke yake, maziwa ya miezi mingapi sijui.

Najua mmeshaanza kusema moyoni, aa, nyani haoni... malizieni wenyewe, hapa ni kanisani. Lakini subirini, jambo lenyewe ni baya kuliko methali. Mtu huyu hakuwa na uozo wake peke yake akakaa nao nyumbani. Kila ndoo aliyoichunguza aliiachia tone lake. Kadiri alivyozidi kuchunguza watu, ndivyo alivyozidi kuwaharibu. Laiti angekuwa mvivu, kijiji kingepona!

Sasa fikirini amesimama pale. Nusu ya foleni imeshapita. Maziwa yao yako kwenye tangi, na upawa umeyagusa yote. Lori linasikika linapanda kona za mwisho. Akinyamaza, hakuna atakayejua leo. Atasema mama ana wazimu, atalaumu maji, atalaumu kibuyu. Watu wangemwamini, si ndiye mwenye koti jeupe? Ningekuwa mimi ningefanya nini? Wewe je?

Akauweka upawa chini. Halafu akaenda kwenye tangi, akafungua bomba la chini. Maziwa ya nusu kijiji yakamwagika mtaroni, mbele ya wenyewe. Watu wakapiga kelele, mmoja akamshika koti. Akasema, "Nilikuwa mimi. Wale saba hawakuwa na kosa. Nilikuwa mimi."

Wakaliosha tangi kwa maji ya moto. Ndoo zilizokuwa bado kwenye foleni, ambazo hazijachovywa, zikamiminwa, na lori likaondoka na nusu tu ya mzigo. Kesho yake likapanda tena, tupu. Kiwanda kilikuwa kimeyapokea. Na jioni ile mpimaji alionekana kwa yule mama, ameketi kwenye kigoda jikoni, ameukata mpini wa upawa wake, na mama anamwonyesha jinsi ya kuingiza kijinga cha moto mahali ambapo maji na majivu havifiki.

Huo ndio mfano. Mngependa niwaambie amina tukaimbe. Lakini nimewaambia moyo wangu haujatulia, na sasa nawaambia kwa nini.

Sisi tuliomo humu tunajua kupima. Mtu akiingia amechelewa, tumeshampima. Binti akisimama kuimba, tumemnusa. Mwenzetu akitoa ushuhuda, tunakoroga: mbona hajasema habari za yule mumewe? Tunaita bidii. Tunaita kuulinda usharika. Na kweli usharika lazima ulindwe, sisemi tupokee kila kitu. Nauliza tu, mara ya mwisho uligeuza upawa wako kichwa chini ukaugonga ilikuwa lini? Si kuusugua nje. Nje sote tunang'aa, leo ni Jumapili. Nasema kule ndani ya mpini, kwenye kile kinyongo cha zamani ulichokipa jina zuri. Umewahi kumwambia Mungu, "Nichunguze mimi kabla sijamchunguza mwingine," ukasubiri usikie jibu?

Jumanne, mimi na wazee wa kanisa tulikaa ofisini kuwaandaa watu kwa Meza ya Bwana ya leo. Akaja mtu mmoja. Tulimhoji. Ushahidi wa kosa hatukuupata, maana haukuwapo. Mimi ndiye niliyesema, "Hapana, huyu asubiri kwanza, simwamini." Wazee wakanifuata, kwa sababu mimi ndiye mwenye upawa. Akainuka akatoka, akafunga mlango polepole.

Nikarudi nyumbani nikakosa raha mpaka nikaugonga. Mnataka kujua kilichotoka? Mwaka juzi mtu huyu alisema mbele ya watu kwamba mahubiri yangu ni marefu na hayana chakula. Basi. Ni hilo tu. Nimelibeba miaka miwili mpinini, na kila Jumapili nimewachovya nalo nyinyi nyote. Nimeona vibaya hata kulisema, lakini limenuka vya kutosha.

Leo hayumo humu. Angekujaje? Nyumba yake iko pale nyuma ya mashine ya kusaga, dakika kumi kwa miguu. Mkate uko mezani, umefunikwa, na mimi siugusi kabla sijafika kwake nikasema, "Nilikuwa mimi." Nyinyi msiimbe. Kaeni kimya, kila mtu na mpini wake, mpaka nirudi naye, au nirudi peke yangu kama atanifungia mlango, na atakuwa na haki.

Mzee wa kanisa, njoo unishikie hii kanzu. Ishike vizuri, baba. Tazameni ilivyo nyeupe.