Jogoo wa Bi Mize na Kifua cha Bwana Ngwali

Zama hizo, wala si mbali sana, Bwana Ngwali mwenye mikarafuu alimtamani jogoo wa jirani yake, Bi Mize mjane, akadai ni wake. Wakapelekana kwa sheha wa mtaa awaamue.

"Leo naapa jogoo ni wangu," alisema Bwana Ngwali mlangoni, sauti ikimkwaruza kwa mafua.

"Kwa sauti hiyo ya chura, bwana?" Bi Mize akamhurumia, akafunua bakuli la achari ya pilipili kichaa alilokuja nalo. "Wanasema pilipili hufungua kifua, huchangamsha damu, na kitambi hutafuta pa kukimbilia. Sisi maskini hula moja moja."

"Mimi si maskini!" Akalikomba bakuli zima, akaingia ndani kwa maringo.

Sheha akauliza, "Haya, jogoo ni wa nani?"

Bwana Ngwali akafungua kinywa. Ulimi ulikuwa unawaka moto, neno halikutoka. Machozi na makamasi yakamchuruzika. Kwa hasira akamnyooshea Bi Mize kidole, tena na tena.

"Mmemwona?" Bi Mize akasema kwa upole. "Anasema ni wangu. Na machozi yale ni ya toba."

Sheha akamkabidhi mjane jogoo wake.

"Pole, bwana," Bi Mize akamnong'oneza Bwana Ngwali akimpita. "Lakini kifua si kimefunguka?"