Ukwaju Ulioganda Darasani

Hadithi hii aliisimulia kwanza Bi Siwatu, kwenye arusi ya mdogo wake kule Lindi, mwaka 1988, wanawake wakimenya vitunguu. Imeandikwa hapa kama alivyoisema.

Hapo zamani, shule ya akina Siwatu haikuwa na umeme wala jokofu. Siku moja Mwalimu Lipande, wa sayansi, alikuwa na kipimajoto kimoja na nafasi moja. Alasiri ile lori lingekwenda Mtwara kwenye maonyesho ya sayansi, na mwanafunzi mmoja tu angepanda.

"Atakayetufunza jambo leo," alisema, "huyo ndiye."

Siwatu hakuwahi kuvuka mto wa kwao. Aliitaka nafasi ile mpaka uji ukamshinda.

Mwanamvua ndiye aliyeleta barafu. Aliichukua kwenye banda la samaki, akaifukia katika maranda ya mbao, akasukuma baiskeli kupanda kilima, jua likimchoma kisogo. Mwalimu akaiponda, akaitia ndooni.

"Barafu inayoyeyuka haishuki chini ya sifuri. Tukitoka kunywa chai mtaona wenyewe. Siwatu, ilinde."

Siwatu akabaki nayo. Mama yake alikuwa akiuza samaki, na kwao barafu haikai bila chumvi. Mikono yake haikuuliza. Akachota chumvi jikoni mwa shule, akamimina, akakoroga.

Darasa liliporudi, Mwalimu akaona chembe za chumvi ukingoni mwa ndoo, akaonja tone, akakunja uso.

"Nani katia chumvi?"

"Mimi, Mwalimu. Si ndivyo inavyotunzwa?"

Darasa likaangua kicheko. "Itie na ndimu basi!" "Kesho atatukaangia!"

Siwatu akaona lori linaondoka bila yeye. Mwalimu akainua ndoo ili akaimwage nje.

"Usimwage, Mwalimu! Ukwaju wangu umo!"

Alikuwa Tatu, mlafi wa darasa. Kumbe kabla ya chai alificha humo, chini kabisa, kikopo chenye kifuniko, cha maji ya ukwaju, ayanywe baridi peke yake. Kikopo kikatolewa, kikafunuliwa, kikapinduliwa. Halikuanguka tone. Ukwaju ulikuwa mgumu kama jiwe! Kipimajoto kikatiwa ndooni, zebaki ikashuka chini ya sifuri, ikazidi kushuka. Mwalimu akarusha kofia juu. Wakaulamba ukwaju ule kwa zamu, meno yakiwauma kwa raha.

"Bila barafu yangu mngelamba nini?" akauliza Mwanamvua.

"Na bila chumvi yangu ungekuwa maji tu," akasema Siwatu.

"Wewe ulikosea, mwenzangu."

"Nilikosea, lakini nimegandisha!"

"Nyote mngemwagwa kwenye migomba," akasema Tatu, kidevu kikichuruzika. "Mimi ndiye niliyezuia."

"Ulizuia nini? Uliogopea tumbo lako!" wakamjibu wote wawili.

Mwalimu alikuna kichwa mpaka dereva akapiga honi. Mmoja akapanda. Ni yupi, Bi Siwatu hakumtaja. Alisema msikilizaji ajibu kwanza.

Mwalimu Lipande alishafariki, na Mwanamvua pia. Siwatu na Tatu wako hai, ni majirani, na kila Idi hubishana upya, bilauri za ukwaju mkononi.

Haya, lori linanguruma na nafasi ni moja. Je, nani alistahili kupanda?