Shangazi na Mlango wa Stoo

Waliosema usilolijua ni usiku wa giza hawakuwa wanalalamikia umeme kukatika. Walikuwa wanamsema mtu anayekutana na jambo asilolifahamu, akaona haya kuuliza, halafu akalijaza mazimwi aliyoyafuga kichwani mwake mwenyewe. Shangazi, mwenye karakana ya kushona nguo juu ya duka la viatu, alikuwa mtu wa namna hiyo hasa. Kazi aliiweza, tena sana. Lakini kwa dhana, Mungu amsamehe!

Dhana zake siku hizi zilimwandama mtoto wa kaka yake, mkata vitambaa wa karakana, ambaye wote walimwita Mkasi. Alipofiwa na mkewe, Mkasi aliharibu nguo za watu hadi Shangazi akakaribia kumfukuza. Kisha, ghafla bin vuu, mkono wake ukanyooka. Mtu mwingine angemshukuru Mungu. Shangazi alijiuliza amepewa nini, na nani, na kwa masharti gani.

Maana kila asubuhi, kabla ya kushika kazi, Mkasi aliingia stoo ya vitambaa na kurudisha mlango. Shangazi alichungulia kwenye ufa. Akamwona ameketi kwenye kigoda, mgongo wima, mikono magotini, macho kayafumba. Hakuwa amelala, kwani kichwa hakikuyumba. Hakuomba, kwani midomo haikucheza. Sasa anafanya nini? Shangazi alirudi kwenye cherehani yake, akamsimulia aliyekaa jirani.

"Mimi nimesikia wanaokaa hivyo wanakitoa kichwa mawazo yote kikabaki kitupu," alinong'ona Bi Vifungo, mshona vifungo, ambaye umbea kwake ulikuwa chakula cha asubuhi. "Na chumba kitupu hakikosi mpangaji."

"Mpangaji gani?"

"Mie simo! Ila wewe usithubutu. Wenye mawazo mengi kama wewe huchanganyikiwa kabisa."

Wiki hiyo akaja binti mmoja aliyekuwa anaolewa, amekumbatia kitambaa cha hariri. Mama yake marehemu alimwekea tangu akiwa mdogo, na kingine kama hicho hakikuwepo tena popote. Alitaka gauni lenye kifua cha kufungwa kwa mbele. Mkasi alinyoosha mkono akipokee.

"Hiki usikiguse," alisema Shangazi. "Nitakikata mwenyewe."

"Kuna nini, Shangazi?"

"Nimeshasema."

Asubuhi iliyofuata alikitandaza mezani. Kitambaa chenye uso upande mmoja, kama hariri ile, hukatwa kipande cha kwanza, kisha karatasi ya mchoro hupinduliwa ndipo kikatwe cha pili, ili kimoja kiwe cha kulia na kingine cha kushoto. Shangazi alilijua hilo kabla Mkasi hajazaliwa. Lakini alipomaliza kipande cha kwanza, alisikia mlango wa stoo ukifungwa. Haya, ameanza! Je, huyo mpangaji akitoka humo atamkuta nani wa kwanza? Na wateja wakisikia? Na kaka yangu nitamwambia nini? Mkasi yuko ndani amekaa kimya, na huku nje mkono wa Shangazi ulikuwa ukikata wenyewe.

Alivibandika vipande kwenye sanamu la kupimia nguo. Vyote viwili vilikuwa vya kushoto.

"Ni hilo dude lako la stoo!" alimfokea Mkasi alipotoka. "Umeniletea nini humu?"

"Dude gani?"

Ndipo yote yakamtoka Shangazi: ufa, kichwa kitupu, mpangaji. Mkasi alimsikiliza akicheka, kisha akaviona vipande na kicheko kikakatika.

"Muuguzi wa zahanati ndiye aliyenifundisha, nilipokuwa silali," alisema taratibu. "Nakaa, nasikiliza pumzi yangu. Basi."

"Na kichwa kinakuwa kitupu."

"Kitupu? Nikipate wapi! Ni vurugu tupu mle. Namwaza mke wangu, nawaza kodi, nakuwaza wewe unavyochungulia. Nikishtuka nimepotea, narudi kwenye pumzi. Napotea tena, narudi tena. Huko kurudi ndiyo kazi yenyewe. Wenye mawazo mengi ndio wanaohitaji kukaa hivyo, Shangazi."

"Mbona hukuniambia?"

"Mbona hukuniuliza?"

Shangazi alirudi mezani akapima. Kitambaa kilichobaki kilitosha sketi tu. Kifua kingebidi kitokane na hariri ya dukani. Binti alipokuja, Shangazi hakumficha kitu, wala hakumsingizia mtu. Alitamani binti apige kelele, amtukane, amkamate shingo. Lakini binti alikipapasa kile kipande polepole, machozi yakimdondoka.

"Nilitaka mama awe karibu na moyo wangu siku ile," alisema. "Sasa atakuwa magotini."

Shangazi aliona aibu iliyomwingia hadi kwenye mifupa. Hakuna zimwi lililotoka stoo asubuhi ile. Aliyeiharibu hariri ya marehemu alikuwa yeye, mchana kweupe, madirisha yote yakiwa wazi, naye asione kitu. Kwani kweli, usilolijua ni usiku wa giza.