Uwanja wa Bi Siwatu Usio na Jani

Kwaru!

Mmesikia?

— Tumesikia!

Usiku wa manane, darini kwa Bi Siwatu, kwaru! Niilete ngano?

— Ilete, tuipokee!

Itatembea!

— Itembee, tuifuate!

Hapo kale, zamani ambazo hata bibi yangu alizisikia kwa bibi yake, alikuwako mwanamke aliyeitwa Bi Siwatu, na mumewe, Mzee Ngwali. Bi Siwatu alikuwa bingwa wa kufagia. Alifagia alfajiri. Alifagia adhuhuri. Alifagia magharibi. Jani likidondoka, alilidaka kabla halijafika chini. Uwanja wake uling'aa kama sahani, na wanawake waliopita njiani walisema, "Huyu ndiye mke!"

"Siwatu," alisema Mzee Ngwali, "umefagia majani, umefagia nyasi. Kesho utanifagia na mimi."

"Inua miguu," akajibu Bi Siwatu.

Basi usiku ule, aliposikia kwaru, alichukua ufagio na taa, akapanda darini. Huko ndiko alikoweka mbegu zake za mahindi, pishi tisa, za kupanda mvua zikianguka. Hakuwa na mbegu nyingine duniani. Akapima. Zimebaki pishi sita! Na juu ya boriti alikaa Panya, tumbo kama ngoma, anafuta sharubu.

"Shikamoo, bibi," alisema Panya.

"Marahaba," alijibu Bi Siwatu kwa mazoea, kisha akakumbuka. "Mwizi wee!"

"Polepole, bibi. Mimi mpita njia tu. Nimekaa nyumba nyingi, lakini usafi kama huu sijauona." Akaimba:

*Fagia, bibi, fagia,*
*jani lisisalie,*
*fagia, bibi, fagia,*
*uwanja utulie.*

Bi Siwatu alikuja kuua, lakini sifa zikamlegeza. Ufagio ukashuka. "Kweli unang'aa?"

"Mno! Ila, unisamehe, kile kichaka cha nyuma kinakuaibisha."

Kulipokucha, Bi Siwatu akakata kichaka. Ndani yake akatoka Nguchiro, anafunga kikoi mbio mbio. "Mama, hapa ndipo kwangu!" Akatimuliwa. Panya akaita shemeji zake. Zikabaki pishi nne.

"Bibi," alisema Panya siku ya pili, "unang'aa! Ila yale mawe pembeni, kama kidonda."

Bi Siwatu akabeba mawe, akatupa. Chini yake akatoka Kenge, anapepesa macho. "Mama, nilikuwa nimelala!" Akatimuliwa. Panya akaita wakwe zake. Zikabaki pishi mbili.

"Bibi," alisema Panya siku ya tatu, na sasa sauti yake ilitetemeka kidogo, "ule mti mkavu. Ule wenye tundu."

Ndani ya tundu lile aliishi ndege mwenye macho kama vikombe, anayelala mchana na kulia usiku. Mnamjua!

— Tunamjua!

Msimtaje! Kijijini kule, kumtaja ilikuwa kumwita, na kumwita ilikuwa kuita kifo. Walimfukuza kwa vijinga vya moto. Tangu azaliwe, Bi Siwatu hakuwahi kulitoa jina lile kinywani. Kwa hiyo aliukata mti kwa furaha kuliko vyote. Ndege akaruka kimya, akaenda zake. Panya akaita ukoo mzima, hadi wale aliogombana nao.

Ikabaki pishi moja. Na mawingu yalikuwa yanajikusanya.

Bi Siwatu akakaa katikati ya uwanja wake unaong'aa, akalia. "Tutapanda nini, Ngwali? Tutakula nini?"

"Tutakula ung'aavu," alisema Mzee Ngwali. Kisha akamwonea huruma, akachukua jembe. "Haya, inuka. Tuwarudishie watu nyumba zao."

Wakapanda kichaka upya. Wakarudisha mawe, moja moja. Wakaacha nyasi ziote, wakaweka kigae cha maji kivulini. Wanawake waliopita walisema, "Masikini, mke wa Ngwali anaumwa!" Bi Siwatu aliona aibu, mkono ukamwasha kwa hamu ya ufagio. Akaukalia mkono.

Nguchiro akarudi. Kenge akarudi. Wakala panya wote waliothubutu kutoka mchana. Lakini asubuhi mbegu zilikuwa nusu pishi.

"Mnafanya kazi gani?" Bi Siwatu alifoka.

"Mama, sisi watu wa mchana," alisema Nguchiro. "Usiku tunalala kama wewe."

"Panya wa usiku ana mtu wake," alisema Kenge. "Naye amefukuzwa mno. Siku hizi haji mpaka aitwe kwa jina."

Mzee Ngwali akainuka. Alichukua mzinga wa zamani uliohamwa na nyuki, akaufunga juu ya mfenesi wa uwanjani, mdomo wazi. Nyumba ilikuwa tayari. Kulikosekana neno moja.

Magharibi, Bi Siwatu akasimama chini ya mfenesi, akafumbua mdomo. Panya akachungulia kutoka darini.

"Bibi! Usilitaje! Ukilitaja, msiba utaingia humu!"

Bi Siwatu akageuka polepole. "Msiba wa nani?"

"Wa... wa nyumba hii."

"Mimi na Ngwali tuko wawili. Ninyi mko mia moja na ishirini. Msiba wa nani, Panya?"

Panya akarudisha kichwa ndani.

Sasa nisikilizeni. Neno lile likishatoka, sina tena ngano, kwa hiyo funzo mlichukue mapema. Anayekusifia ufagio, tazama kwanza anakula nini. Na viumbe wa uwanjani kwenu waachieni pa kukaa, hata wale mnaowaogopa, maana wana kazi ambayo ninyi hamuiwezi. Nusu pishi ile ilipona, ikapandwa, ikazaa, na Panya hakuimba tena. Mmelipokea?

— Tumelipokea!

Basi nalitua, na atakayelikuta alibebe.

Bi Siwatu akavuta pumzi. Akamshika mumewe mkono. Akatazama juu, kwenye mzinga mtupu, akaita kwa sauti ya mtu anayemkaribisha mgeni:

"Bundi!"