Mishi Aliyerudi na Sanda

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mbali, maana mmoja wa hawa nitakaowataja nimeamkiana naye leo asubuhi, palikuwa na mji wa pwani ulioingiliwa na unga. Si unga wa ugali, jamani. Ni ule wa kujidunga, ambao ukishaingia nyumbani hata sufuria jikoni huuzwa. Katika mji huo walikuwapo ndugu wawili, Mishi na mdogo wake Saumu, na wote wawili walikuwa mateja, watumwa wa unga huo. Walilala gofu moja, walichangia sindano moja.

Siku moja Mishi alijidunga, akaanguka. Midomo ikageuka rangi, mwili ukapoa. Saumu akamtikisa, akamwita, kisha akalia, "Dada kafa." Watu wakaja, wakatazama kwa mbali, wakakubali. Nani amwitie teja daktari? Kwetu maiti hacheleweshwi, na maiti mwenye aibu hacheleweshwi hata kidogo. Kabla ya adhuhuri kaburi limeshachimbwa na sanda imeshakatwa.

Kuosha akaitwa Bi Mwanakombo. Bibi huyu na wenzake walikuwa na chama chao cha kuosha maiti, hasa wale ambao jamaa zao wanaona kinyaa kuwagusa. Naye alikuwa na desturi aliyofunzwa na mamake: maiti humgeuzi bila kumtaka radhi. Basi akammwagia Mishi maji, akasema kwa upole, "Mwanangu, niwie radhi, nakugeuza ubavu." Akamgeuza. Pumzi ikatoka.

Mwenzake akasema, "Hewa tu hiyo, bi mkubwa. Maiti hutoa hewa."

"Hutoa," akasema Bi Mwanakombo. "Lakini havuti."

Kata ya maji ikabaki mkononi. Wakangoja, wakangoja, mpaka wakadhani wamejidanganya, na ndipo kifua cha Mishi kikainuka, kidogo tu, kama maziwa yanapotaka kuchemka. Mimi nimesimulia mengi, lakini kila nikifika hapa mwili hunisisimka.

Nje alikuwapo Chande, dereva wa bajaji, aliyekuwa ameleta ubani. Bi Mwanakombo akamwita. "Chande, washa chombo. Huyu yu hai." Bibi akataka kumfunika Mishi kwa kanga, Chande akamzuia. "Hapana, bibi. Mfunikeni hiyo sanda. Mji huu mgonjwa hawampishi, maiti humpisha."

Na kweli. Sokoni wachuuzi wakavuta mikokoteni kando. Lori likasimama. Waliokaa wakainuka, wanaume wakainamisha vichwa, na barabara yote, ile ambayo asubuhi hata kuku hapenyi, ikafunguka. Katikati yake ikapita bajaji inayoruka mashimo, na ndani yake maiti anayepumua. Hospitali wakamdunga dawa ya kuukata unga, akafumbua macho, akaitazama sanda. Akauliza, "Nani kafariki?"

Na kule makaburini? Kwetu kaburi likishachimbwa halifukiwi tupu. Wakakata mgomba, wakauzika mahali pa Mishi, wakarudi nyumbani.

Mngedhani mtu wa namna hiyo ataacha. Thubutu. Arosto ilipomkamata, yale maumivu ya kuukosa unga, Mishi alirudi gofuni kwa miguu yake mwenyewe. Mfu aliyefufuka akaenda kukitafuta kilichomuua.

Ndipo akaja Tunu. Tunu alikuwa teja wa zamani, naye na wenzake walioacha walikuwa na nyumba ya kuwapokea wanaotaka kuacha. Akaingia gofu lile lile alimokuwa akijidunga ujanani, akaketi kando ya Mishi. Moshi wa wanaouvuta unga unampiga usoni, hamu inamrudia, na hakugusa. Mishi akamwambia, "Niache." Tunu akasema, "Nimekaa." Mishi akamtukana. Tunu akasema, "Nimekaa." Mishi akamtemea mate. Tunu akapangusa shavu, akasema, "Bado nimekaa." Mwisho Mishi akainuka, akamfuata. Saumu alibaki gofuni.

Nyumbani kwa Tunu Mishi alitapika, aliumwa hata mifupa, na Tunu alimshika. Kisha kila asubuhi Chande akawa anampeleka kunywa methadoni, ile dawa ya kutuliza hamu ambayo huinywi ila mbele ya muuguzi. Taratibu uso wa Mishi ukarudi kuwa uso.

Habari ikaenea, na mfuko mmoja wa misaada ukaja na ruzuku kwa vikundi vinavyopambana na unga. Ruzuku ndogo, ndogo kweli. Ukiigawa haifiki popote. Na vikundi vyote vitatu vilikuwa taabani: akina Bi Mwanakombo dawa yao ya kuwaamsha waliozidiwa na unga imewaishia, akina Chande, madereva wanaobeba mateja kwenda kutibiwa, hawana mafuta, na akina Tunu mwenye nyumba anataka nyumba yake. Kitakachokosa kitafungwa.

Mama aliyetumwa na mfuko akawakusanya watu ukumbini, akasema, "Kikundi ni kimoja. Atakayekitaja ni Mishi, maana ndiye aliyerudi."

Bi Mwanakombo akasema, "Mwanangu, mimi sina maneno mengi. Wote walikuona maiti, mimi nikakutaka radhi. Tangu siku ile hatungoji tena kuitwa kuosha. Tunazunguka magofuni na dawa ya kupuliza puani, tunatazama nani kifua chake kimenyamaza. Wa kubebwa na wa kuuguzwa ni aliye hai. Nani atakayejua kwamba yu hai?"

Watu wakasema, "Haki yake."

Chande akasema, "Shikamoo, bibi, lakini kujua si kufika. Mngekaa mkimtazama anavuta pumzi mpaka ya mwisho. Na methadoni, dada, huinywi leo ukairuka kesho. Wangapi waliitaka wakashindwa na njia? Dawa isiyofikiwa ni sawa na haipo."

Watu wakasema, "Naye haki yake."

Tunu alisimama polepole. "Hawa walikutoa kaburini, na kaburini hukutaka kwenda. Mimi nilikutoa gofuni, na gofuni hukutaka kutoka. Bibi alitoa maji, Chande alitoa mafuta. Mimi niliweka rehani kuacha kwangu. Ningeteleza siku ile, leo mngekuwa mnatuzika wawili."

Hapo wengine wakainamisha vichwa. Wengine walikuwa wanalia.

Mishi hakuwatazama wale watatu. Alitazama mlangoni, na sisi tukageuka kutazama. Saumu alikuwa amekuja. Amekaa kizingitini, unga umemlevya, kichwa kinashuka, kinashuka, kinashtuka, kinashuka tena.

Mama wa mfuko akasema, "Mishi, tunakungoja."

"Mimi wamenirudisha wote watatu," akasema Mishi. "Jina nitakalotaja leo si kwa ajili yangu, ni kwa ajili ya huyu mdogo wangu. Na siku yake siijui. Labda ni siku ya kukatika pumzi. Labda ni siku ya kusema nipelekeni. Labda ni siku ya kukataa mbele ya kila mtu, huku anahitaji mtu wa kukaa naye."

Akavuta pumzi, akafungua kinywa.

Nami hapo namwacha, kinywa wazi, na nyinyi niliowasimulia ndio mtakaomsemea. Je, nani alistahili? Na huyo mtakayemtaja, ndiye huyo huyo mnayetaka awe karibu siku kichwa cha Saumu kitakaposhuka kisishtuke?