Mlango Uliofungwa Kabla ya Wimbo wa Tatu

Nimetumiwa hadithi hii, nami naisukuma kwako. Isome polepole, hasa kama wewe, kama mimi, huwa hukosi kanisani.

Kulikuwa na kanisa dogo chini ya mlima, kando ya mto. Utaratibu wake ulijulikana: wimbo wa tatu ukiisha, mlango unafungwa kwa ufunguo, na aliyechelewa anabaki nje. "Ndivyo itakavyokuwa siku ile," Mwinjilisti Elifuraha alipenda kusema, na waliokuwa ndani walitabasamu.

Ufunguo aliushika Mzee Mbazi. Binti yake, Nakijwa, aliuza pombe ya miwa huko huko kijijini, na kwa sababu hiyo alitengwa na kanisa. Mzee alikuwa hajakanyaga kwake miaka minne. Alimpenda sana, ila aliwaogopa wenzake.

Mvua ilinyesha wiki mbili mfululizo. Jumapili moja asubuhi, watu wakaukuta mto umekuwa mwekundu kama damu.

Mwinjilisti alifurahi. Sitaficha, alifurahi.

"Kitasa cha tatu cha ghadhabu ya Mungu kimemwagwa, mito imekuwa damu kama ilivyoandikwa katika Ufunuo!" alitangaza. "Hukumu imewafikia walevi na wazinzi. Funga mlango, Mzee Mbazi. Leo hatungoji wimbo wa tatu."

Waumini arobaini na mmoja walikuwa ndani. Wakaanza kuimba.

Muda si mrefu mlango ukagongwa. Ukagongwa tena, sasa kwa jiwe. Mzee aliitambua sauti ya mwanawe ikilia, "Baba! Baba!" Mengine yote yalimezwa na wimbo.

"Mwinjilisti, ni Nakijwa. Anataka kuingia."

"Leo kila mtu atataka kuingia. Amechelewa. Imbeni kwa nguvu!"

"Ni mwanangu."

"Ukitoka kwenda kwake, umejihesabu pamoja na walevi hao."

Mzee aliamini kila neno la mwinjilisti, na aliamini kabisa kwamba nje kulikuwa na ghadhabu ya Mungu. Hata hivyo alifungua.

"Basi nihesabiwe," alisema, akatoka. Nyuma yake wakasukuma komeo.

Nakijwa hakutaka kuingia. Alimshika baba yake mkono, akamkokota mbio kuelekea upande wa pili wa bonde, huku akiwapigia kelele waliobaki. Walikuwa hawajafika mbali mlima ulipokatika. Udongo mwekundu ulilifunika kanisa lote, paa na msalaba wake. Wimbo ulikoma katikati ya ubeti.

Mzee alimgeukia binti yake.

"Nilidhani unaomba kuingia."

"Hapana, Baba. Tulipoona mto umebadilika, tulipanda juu kuangalia, tukakuta mlima umepasuka, udongo wake ukimwagikia mtoni. Wateja wangu wote wamehama na watoto wao. Nyinyi nilikuja kuwaomba mtoke."

Walichimba siku tano. Hawakumpata hata mmoja akiwa hai. Na waliochimba, wengi wao walikuwa wale wale walevi.

Funzo: Mungu anapoonyesha ishara ya hukumu, anakuonya wewe unayeiona, ugeuke ungali na nafasi. Ukiifanya kuwa habari ya dhambi za jirani yako, utaendelea kuimba mpaka ikufikie.