Ukuta wa Bi Arafa

"Ukuta unaolia haupakwi rangi." Mmelisikia neno hilo leo mkacheka, mkauliza ukuta una macho gani ya kulilia. Msicheke, wajukuu zangu. Asili yake ni hii.

Huko Pangani, katika nyumba kongwe ya mawe na chokaa, Bi Arafa aliishi na binti yake Saumu. Harusi ya Saumu ilikaribia, na biharusi alipaswa kukaa ndani, asingwe mwili kwa liwa ya msandali katika chumba cha nyuma. Lakini chumba hicho ndicho alichofia mavyaa wa Bi Arafa, mama wa mumewe, na tangu hapo doa la kahawia lilikuwa limetokeza ukutani, juu ya kitanda. Bi Arafa alilipaka chokaa mara mbili. Mara mbili likarudi, pana kuliko mwanzo. Aliogopa hata kupita mlangoni pale, wala hakumwambia mtu, maana yeye na marehemu hawakuagana kwa wema.

Akamwita Fundi Shekue. Fundi akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akatega sikio, akagonga tena.

"Bibi, ukuta huu unalia."

Bi Arafa akashika mwimo wa mlango. "Usiseme hivyo, fundi!"

"Unalia, sikiliza mwenyewe. Nipe siku tatu niukwangue mpaka kwenye mawe."

Fundi alisema kifundi: lipu iliyoachana na jiwe, ukiigonga hulia kama debe tupu. Bi Arafa yeye alisikia kilio cha marehemu.

"Hakuna kukwangua. Usimchokoze! Paka rangi, uende zako."

Fundi alishangaa huyo asiyechokozwa ni nani, ila mwenye nyumba ndiye msemaji. Akapaka rangi ya mafuta mara tatu, ukuta ukang'aa. Bi Arafa akafukiza ubani, akamwingiza mwanawe.

Siku ya nne, adhuhuri, akasikia mchakacho chumbani. Akachungulia. Ukuta ulikuwa umevimba tumbo juu ya kichwa cha Saumu, aliyelala usingizi na liwa usoni. Marehemu amekuja kumchukua, akawaza. Alitaka kukimbia, kweli alitaka. Mlango wa nje ulikuwa karibu kuliko kitanda. Akajitosa ndani.

"Mavyaa, nisamehe! Niachie mwanangu!"

Akamshika Saumu mguu, akamburura mpaka ukumbini. Nyuma yao ukuta ukaporomoka, ukafunika mto na kitanda.

Fundi alipofika, alifukua kifusi, akaonyesha boriti iliyooza. Maji ya mvua yalikuwa yakishuka kutoka darini, yakijificha ndani ya ukuta miaka yote hiyo.

"Bibi, si nilikwambia unalia?"

"Uliniambia," akajibu Bi Arafa. Mkono wake ulikuwa bado haujauachia mguu wa mwanawe. "Nami kwa woga sikukuuliza unalia nini."

Basi mkimwona mtu anafukiza ubani mahali pa kukwangua, mwambieni: ukuta unaolia haupakwi rangi.